Mhariri, nani aliyeandika habari ya Liemba?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua huwa mnapunguza, lakini hii naomba uipunguze kwa huruma, kwa sababu sehemu yake moja inakuhusu wewe.

Nianze kwa kutaja maslahi yangu mwenyewe, maana ndiyo habari ninayoileta. Mimi ni karani mstaafu wa bandari hapa Kigoma. Siku hizi nina steshenari Mwanga: natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga laminesheni vyeti vya watoto. Dada yangu anapangisha vyumba vya wageni Ujiji, vichache tu, vya feni na chandarua. Kwa hiyo nikiigusa nyumba ya wageni ya mtu mwingine, msomaji ana haki ya kusema huyu anamtafutia dada yake wateja. Aseme, lakini amalize kusoma kwanza. Tena, jioni nikishafunga duka, kama bando lipo, huwa nahariri Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika. Kazi hiyo hainiingizii hata senti, na mke wangu haishi kuniuliza naifanyia nini.

Makala yenu ya utalii kuhusu mwambao wa Ziwa Tanganyika niliisoma mpaka mwisho. Mengi yalikuwa sawa. Mwandishi wenu ameielezea migebuka ya kuchoma ya Kibirizi mpaka nikaona njaa na nilikuwa nimetoka kula. Hifadhi ya Gombe amepatia, na mwaka aliofika huko Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, 1960, amepatia. Kina cha ziwa, mita 1,470, nacho ni sawa. Lakini katikati kuna aya inayosema kwamba meli ya MV Liemba iliundwa hapahapa Kigoma chini ya fundi mkuu mwenyeji, na kwamba fundi huyo ni babu wa mwenye nyumba moja ya wageni iliyo kando ya ziwa. Nyumba imetajwa kwa jina, ikasifiwa kwa mandhari "isiyo na kifani". Mwisho wa makala, kwa herufi za kutafutia miwani, mwandishi anawashukuru wenye nyumba hiyo kwa kumkaribisha. Jina la nyumba silirudii hapa. Anayelitaka yuko nalo kwenye gazeti lako.

Liemba mimi nimeihesabia mizigo. Nimesimama gatini pale na daftari nikihesabu magunia ya dagaa na mananasi, nikibishana na wachuuzi waliopanda kusini, Kipili na Kasanga, kila mmoja akiapa kwamba gunia lake si zito. Na kwa kuwa meli hiyo imenilisha, nimeisoma pia. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilipokamilika wakaifungua vipandevipande, wakavipakia kwenye masanduku maelfu, wakavileta kwa bahari hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli ya kati kuja ziwani. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa Papenburg walikuja kusimamia kuiunga upya, mkubwa wao akiitwa Anton Rüter. Iliingia majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wanaondoka, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo kuungwa, iliungwa Kigoma, na hilo ni fahari yetu. Kuundwa chini ya fundi mkuu wa Kigoma, hapana.

Sasa nikwambie kwa nini nakuandikia wewe badala ya kumwandikia mwenye nyumba. Aya hiyo nilikuwa nimeshaiona kabla ninyi hamjaichapa, karibu neno kwa neno, na niliiona dukani kwangu.

Aliingia kijana wa mapokezi wa nyumba hiyohiyo, mtoto wa mwenye nyumba, ana adabu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Naomba uniprintie huu ukurasa kwa rangi, halafu upigwe laminesheni. Baba anataka ukae ukutani pale mapokezi, wageni wakifika wausome."

Akanipa simu. Ulikuwa ukurasa wa Wikipedia ya Kiswahili unaoieleza Liemba. Nikausoma wakati mashine inapasha moto. Fundi mkuu yumo. Nyumba ya wageni imo, na mandhari yake. Chini yake, ndani ya makala ya kamusi elezo, namba ya simu ya mapokezi! Nimeona mengi mtandaoni, lakini ensaiklopidia inayokwambia upige simu kuuliza nafasi sikuwahi kuiona.

Nilimtolea karatasi yake, maana ni mteja. Alipoondoka nikafungua historia ya makala. Wasomaji wengi hawajui kwamba kitu hicho kipo, na kwa maoni yangu ni muhimu kuliko makala yenyewe. Juu ya kila ukurasa wa Wikipedia kuna mahali pa kubofya, unaletewa orodha ya kila aliyegusa maandishi hayo tangu yalipoanza: siku, saa, jina la akaunti, ameongeza kiasi gani, amepunguza kiasi gani, na akipenda, maelezo mafupi ya alichofanya. Ukichagua matoleo mawili unaonyeshwa yote mawili kwa pamoja, la zamani kushoto, jipya kulia, tofauti zikiwa na rangi. Papenburg ilikuwepo kushoto. Kulia haipo. Aliyeiondoa ana akaunti yenye jina lililo sawa kabisa na la nyumba ya wageni, ila pasipo nafasi kati ya maneno. Hajawahi kugusa makala nyingine isipokuwa ile ya mji wa Kigoma, na huko aliingia kuongeza jina la nyumba hiyohiyo.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, ndivyo tunavyosema, na kwa kweli sikushangaa. Kilichoniweka macho ni jibu la kijana aliporudi kuchukua kopi nyingine. Nilimwita pembeni nikamuuliza taratibu. Hakukana. Akaniambia, "Mzee, babu yake baba alifanya kazi pale kweli. Wewe mwenyewe unajua. Sasa nani mwingine atayaandika kama si sisi?"

Mhariri, swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi niliyoyasoma kuhusu mgongano wa maslahi. Vitabu vinamtaja Anton Rüter kwa jina, na vinawataja wenzake wawili. Watu wetu waliobeba vyuma, waliochukua kuni, waliolala kwenye vibanda pale ufukweni, wametajwa kwa wingi tu, wenyeji, kana kwamba walikuwa mtu mmoja mwenye mikono mingi. Anayewakumbuka kwa majina ni ukoo wao. Na Kigoma hii, Ujiji hasa, tunajuana mpaka kwa mabibi. Ukisema kila mwenye undugu na habari anyamaze, basi habari zetu zitaandikwa na watu wa mbali wasiojua hata Katonga iko upande gani wa bandari.

Na babu huyo alikuwepo, mimi naamini. Mzee mwenye nyumba, kabla hajajenga hiyo nyumba ya wageni, alinionyesha nyundo. Kichwa chake cha chuma kimelika upande mmoja, mpini umebadilishwa sijui mara ngapi. Akanieleza kwamba babu yake alikuwa anashika chuma kwa ndani wakati Mzungu anagonga ribiti kwa nje, na kwamba uzeeni alikuwa hasikii vizuri kwa ajili ya kelele hizo. Hivyo ndivyo alivyonieleza siku hiyo, amekaa kwenye kigoda, hana anachoniuzia. Hakuna fundi mkuu aliyetajwa. Fundi mkuu alizaliwa vyumba vilipoanza kutafuta wageni.

Hapo ndipo ninapoona tofauti, na ndilo nililomwambia kijana. Kujua habari kwa sababu ni za kwenu hakuna ubaya. Ubaya unaanza unaposhika kalamu wewe mwenyewe mahali ambapo msomaji anadhani kalamu imeshikwa na mtu asiye na chake, halafu usimwambie. Mgeni aliyetoka Morogoro anaposoma ukutani pale mapokezi neno "Wikipedia", anaamini watu wa mbali wamepima wakakubali. Hajui kwamba aliyepima ndiye anayempokea begi.

Wikipedia yenyewe haimkatazi kijana kusema. Ina utaratibu, na si mgumu. Mtu mwenye maslahi anashauriwa kwa mkazo asiihariri makala yenyewe, aende kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, ajitaje yeye ni nani, aeleze anachotaka kibadilishwe, na aweke chanzo. Wengine wataamua. Ama mtu anayelipwa, huyo hashauriwi tu, analazimika. Tangu mwaka 2014 masharti ya matumizi yanamtaka aseme anamfanyia kazi nani na nani anamlipa: kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, kwenye majadiliano, au kwenye muhtasari wa uhariri. Mwajiriwa anayehariri habari za mwajiri wake kama sehemu ya kazi yumo humo. Kijana aliniuliza kama mtu anayelipwa na baba yake anahesabika. Nikamwambia inategemea kama baba huwa analipa. Tukacheka.

Asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya nyumba za wageni za Kigoma. Jimmy Wales, aliyeianzisha Wikipedia mwaka 2001 pamoja na Larry Sanger, mwaka 2005 alionekana kwenye historia ya makala inayomhusu yeye mwenyewe, akiondoa maneno yaliyomtaja Sanger kuwa mwanzilishi mwenzake. Alipoulizwa alikubali kwamba si jambo zuri mtu kujihariri. Mwaka huohuo, kutoka kwenye mtandao wa kampuni ya Diebold ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kupigia kura, zilifutwa aya ndefu zilizoeleza wasiwasi wa watu juu ya mashine hizo. Walijuaje? Mtu akihariri bila kuingia kwa jina, historia ilikuwa inabakiza namba ya mtandao alioutumia. Mwaka 2007 Virgil Griffith akatengeneza programu aliyoiita WikiScanner, ikazioanisha namba hizo na wenyewe, na watu wa ofisi kubwa wakaanza kuona aibu kwa zamu. Nawapenda sana watu wa namna ya Griffith, ingawa sidhani ningependa kuishi naye nyumba moja.

Huku kwetu wala si jambo geni. Tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na kiongozi anatakiwa atangaze maslahi yake. Diwani ambaye kiwanja chake kinajadiliwa anasema mapema kwamba ni chake. Nimehudhuria vikao vya mtaa ambavyo mjumbe alitoka nje kwa sababu shamba lilikuwa la shemeji yake, akakaa chini ya mti mpaka alipoitwa. Hakuna aliyemdharau. Ila akirudi ndani kwa mlango wa nyuma, amevaa kofia nyingine, akapiga kura, hapo mtaa mzima utasema.

Kwenye Kiswahili jambo hili ni zito zaidi, na nitakwambia sababu. Wikipedia ya Kiingereza ina wahariri wengi mno, na makala ya jambo kubwa ina watu wanaoiangalia saa zote. Ya Kiswahili ipo tangu 2003, ina makala kwa maelfu, lakini wanaoilinda ni wachache, wengi wao walimu na wanafunzi wenye kazi zao. Uongo mdogo juu ya meli ya Kigoma unaweza kukaa miezi kabla ya mtu kupita. Na tumeona kwa wenzetu inakofika pasipo macho: mwaka 2021 Wikimedia Foundation, taasisi inayoiendesha Wikipedia, ilitoa ripoti kuhusu Wikipedia ya Kikroatia, ikieleza jinsi kikundi kidogo cha watu wenye madaraka ya usimamizi kilivyoishika kwa takriban muongo mmoja na kupindisha historia ya nchi yao. Lugha yetu ina wasemaji wengi kuliko Kikroatia mara nyingi sana, lakini wasemaji si wahariri.

Nikiwa hapo niwaonye wenye biashara wenzangu, hata kama ni kutoka kidogo nje ya mada. Akikupigia mtu kusema atakuwekea Wikipedia kwa malipo, na kwamba usipolipa kila mwezi makala itafutwa, muulize maswali. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilizifungia akaunti 381 zilizokuwa kazi ya kundi moja lililopewa jina la Orangemoody. Walikuwa wanawatafuta wafanyabiashara na wasanii ambao makala zao zilikataliwa, wanazipachika, halafu wanadai pesa za "kuzilinda". Hakuna ada ya kulindwa Wikipedia. Anayedai ada hiyo ni tapeli, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Narudi kwa kijana wetu. Mimi makala ile sikuisahihisha. Ningeweza, Papenburg ingerudi kwa dakika moja, lakini vipi kuhusu vyumba vya dada yangu? Nilikwenda kwenye majadiliano, nikaandika kwamba mimi ni mkazi wa Kigoma, ndugu yangu ana biashara inayoshindana na hii iliyotajwa, na kwamba naomba mhariri asiye na ndugu huku aiangalie. Nikaweka vyanzo. Baada ya muda mhariri mmoja ambaye simjui, wala sijui yuko mji gani, alifuta namba ya simu na sifa za mandhari, akairudisha Papenburg, na juu ya sentensi ya fundi mkuu akaweka alama kwamba inahitaji chanzo. Kwa jinsi nilivyoona mimi, alikuwa mwungwana. Angeweza kuifuta, akaiacha kwa muda, mwenye ushahidi aulete.

Ushahidi ulioletwa, Mhariri, ni gazeti lako.

Mwandishi wenu alifika, akalala pale, akasoma karatasi ya laminesheni ukutani, au aliusoma ukurasa huo kwenye simu yake, yote sawa. Akaiandika sentensi ile kama jambo alilolithibitisha. Gazeti lilipotoka tu, akaunti ya nyumba ya wageni iliingia, ikaondoa alama ya kudai chanzo, ikaweka tanbihi: jina la gazeti lako, kichwa cha makala, tarehe. Sasa yule mhariri mwungwana amefungwa mikono. Kwa kanuni za Wikipedia gazeti ni chanzo. Mimi nikiwaambia wa Wikipedia kwamba gazeti lilitoa habari hiyo kwenye Wikipedia yenyewe, naulizwa nimelitoa wapi hilo. Nimelitoa kwenye kaunta ya steshenari yangu, na kaunta haiwekwi kwenye tanbihi.

Si ninyi wa kwanza, na nasema hivi ili usione nimekuvamia. Ujerumani, Februari 2009, alipoteuliwa waziri Karl-Theodor zu Guttenberg, mwenye msururu mrefu wa majina ya kwanza, mtu mmoja aliingia Wikipedia ya Kijerumani akamwongezea jina la Wilhelm ambalo si lake. Magazeti makubwa yakalichapa kesho yake bila kuuliza. Kisha magazeti hayohayo yakatumiwa Wikipedia kuthibitisha kwamba Wilhelm ni jina lake kweli. Yule alifanya kwa mzaha, na waziri mwenyewe alikuwepo kujisemea. Mzee aliyekuwa akishika chuma mwaka 1915 hawezi kutoka kaburini kusema yeye hakuwa fundi mkuu.

Nina swali moja linalonisumbua kuhusu ile shukrani ya herufi ndogo. Je, mwandishi wenu alilipia chumba? Kama alilala bure, sisemi amehongwa, maana pesa za safari huko magazetini tunasikia ni za mawazo. Lakini ingetajwa juu kabisa, kabla ya mandhari isiyo na kifani, sisi wasomaji tungejua tusome vipi. Mnawadai wanasiasa watangaze mali zao, na mko sahihi kuwadai. Chumba cha usiku mmoja chenye kifungua kinywa si mali kubwa, mngeweza kukitaja kwa mstari mmoja.

Mzee mwenye nyumba alinipigia simu baada ya kuona majadiliano. Ni mkubwa kwangu, tunasali msikiti mmoja. "Karani," akaniambia, "mbona wewe unaturudisha nyuma? Wazungu wameandika ya kwao miaka yote, hakuna aliyewaomba tanbihi." Nikamwambia, "Kaka yangu, ile nyundo iko wapi?" Akanyamaza kidogo, akasema ipo. Nikamwambia basi tuanzie kwenye nyundo: aite mtu amrekodi akisimulia vile alivyonisimulia mimi, jina kamili la babu, jina la baba yake, kijiji alichotoka, alilipwa nini kama alilipwa. Hadithi hiyo ikichapwa mahali kwa maneno ya "familia inaeleza kwamba", itakuwa na nafasi halali kwenye makala ya Liemba, pembeni ya Anton Rüter, na jina la mtu wetu litasomeka. Hakunijibu ndiyo, ila hakukata simu.

Ninachokuomba kina sehemu mbili. Ya kwanza ni masahihisho, mafupi tu, yakisema kwamba Liemba iliundwa Papenburg mwaka 1913 na kuungwa upya Kigoma, na kwamba habari ya fundi mkuu ilitoka kwa wenye nyumba ya wageni aliyofikia mwandishi wenu. Msiyafiche chini ya tangazo la mnada. Yawekeni ukurasa uleule wa utalii.

Ya pili: mtumeni mwandishi arudi, safari hii kwa gharama za gazeti, akamsikilize yule mzee na nyundo yake. Akikosa pa kulala, vyumba vya dada yangu vipo Ujiji, ila alipe, na akishalipa asivitaje.

Masahihisho yakitoka naomba yaonyeshe wazi ni ya makala ipi na ya toleo la tarehe gani, kwa sababu yule mhariri wa Wikipedia atahitaji tarehe hiyo na namba ya ukurasa ili aondoe tanbihi iliyopo na kuweka hii. Nimeshamwandikia kwenye majadiliano kwamba nimekuletea barua.

Wako,

Karani mstaafu, Mwanga, Kigoma
(Jina langu kamili na namba ya simu nimeviandika kwenye karatasi ya pili. Ukitaka kuvichapa, vichape.)